Wakili wa mjini akiingia siasa za wilaya: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Arua
Habari zenu wapendwa. Marehemu baba alikuwa wakili hapa Arua, Uganda, miaka mingi kabla hajagombea uenyekiti wa LC5, yaani halmashauri ya wilaya. Tangu tumzike nimekuwa nikipanga mafaili yake, na natamani kujua nyumba nyingine kama yetu ziliishije.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, nje benchi la mbao. Kesi nyingi zilikuwa za ardhi ya ukoo. Katiba ya 1995 inaitambua ardhi ya kimila, lakini huku kwetu wachache sana wana hati. Kwa hiyo kabla ya kugusa karatasi baba alikuwa anauliza, "Nani amezikwa hapo?" Mteja akianza kutaja makaburi, babu, shangazi, mtoto aliyekufa mchanga, baba anaandika yote. Akishindwa kutaja hata moja, baba anaweka kalamu chini.

Aliposhinda, benchi likahamia nyumbani. Sasa watu hawakuja kutafuta sheria. Walitaka ada ya shule, jeneza, nauli ya hospitali. Baba hakujua kukataa. Mimi nilirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa ada, wakati ada ya mtoto wa jirani amelipa yeye. Iliniuma sana, na bado nampenda.

Mdau, Masindi
Pole kwa msiba, dada. Mimi nilikuwa karani wa wakili. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba iliposema LC1 na LC2, yaani mabaraza ya kijiji na ya parokia ambayo pia husikiliza kesi, hazina uhalali katika mfumo wa vyama vingi, bosi wangu alizunguka vijijini akieleza kwamba hukumu za LC2 zinaweza kupingwa. Wazee wa mabaraza hawakumsamehe. Julai 2018, uchaguzi wa LC1 ulipofanyika kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea, bosi wangu naye akagombea. Nyuma yake tulikuwa wachache mno, na kila aliyepita alituona. Kura ya siri ingemwokoa, mimi naamini hivyo.

Mdau, Busia
Mume wangu ni wakili na diwani, na bado anatetea wateja mahakamani, maana marupurupu ya kikao hayalishi watoto. Kinachomtesa ni mteja mwenye kesi dhidi ya wilaya. Anamwelekeza kwa wakili mwingine, na mteja anaondoka akisema mume wangu amenunuliwa.

Mwanzisha mada, Arua
Asanteni, hasa wewe dada wa Busia, nasi tuliambiwa hayo hayo. Baba alipochukua kiti, kesi zake zilienda kwa wakili kijana aliyehamia Kampala baadaye. Jana nilimpelekea mama mmoja mzee wa Vurra faili lake. Ndani mna mchoro wa shamba kwa mwandiko wa baba, makaburi saba yametiwa alama ya msalaba. Alilipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kesi inasikilizwa lini.