Crown Athlete, Benz W204, BMW E90 na Mark X: ipi inakufanya ugeuke kuitazama tena ukishaipaki? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za wikiendi.

Nyuzi za ulaji wa mafuta na bei za spea zimejaa. Hapa nataka tuongelee sura tu: umbo, taa, grili, rimu, ndani pakoje, na watu wanakuchukuliaje ukishuka. Nimechagua hizi nne (Crown na Mark X za Toyota, W204 ambayo ni Benz C-Class, na E90 ambayo ni BMW 3 Series) kwa sababu ndizo zinazogombea mfuko uleule, wa mtu anayetaka saluni ya heshima bila kuuza kiwanja.

Naanza na yangu, E90 ya rangi ya fedha. Kwa mbele naikubali kawaida tu. Simama ubavuni sasa. Tairi la mbele limesogea karibu kabisa na bampa, boneti ndefu, kabini imerudi nyuma. Hayo ndiyo maumbile ya gari linalosukumwa na matairi ya nyuma, injini ikiwa imelala kwa urefu. Halafu tazama kioo cha mlango wa nyuma kinapoishia: mstari wa chini unapanda na kukunja kurudi mbele. Mkunjo huo BMW wanao tangu ile 1500 ya mwaka 1961, na hata ukifunika nembo zote utajua ni gari la nani. Jua la saa kumi na moja likipiga ubavuni, ule mstari unaopita kwenye vitasa unaonekana kama umechorwa kwa rula.

Karibuni. Matusi ya "hilo la mafundi" yabaki kwenye nyuzi zake.

Mdau wa Tabata (Crown Athlete, toleo la 2008)
Mkuu, umeongea ubavu kwa sababu mbele huna! Natania. Mimi Crown niliipendea nyuma. Zile taa za duara ndizo zinazomtofautisha Athlete na Crown mwenzake, Royal Saloon. Royal ni ya mzee mstaafu, Athlete ni ya mtoto wake aliyefanikiwa. Usiku ukiwa nyuma yake kwenye foleni ya Mandela huhitaji kusoma maandishi kwenye buti.

Jambo lingine ni ndani. Kuna kitufe ukikibonyeza matundu ya AC ya katikati yanaanza kugeuka yenyewe, kushoto kulia, polepole. Kila abiria mpya ananyamaza akiyatazama. Na usukani una taji katikati badala ya nembo ya Toyota. Trafiki akinisimamisha ananiita "mheshimiwa" kabla hajaomba leseni. Nilipokuwa na kigari changu cha zamani nilikuwa "wewe dereva".

Mdau wa Arusha (W204)
Heshima ya bure hiyo, subiri uone ya nyota. Ila wengi hawajui W204 zina sura mbili. Kuna Avantgarde, nyota kubwa imekaa katikati ya grili, na kuna Elegance, grili ya mistari na nyota ndogo imesimama juu ya boneti. Yangu ni Elegance na sibadilishi. Ukiwa kwenye usukani unaiona ile nyota mbele yako barabara nzima, unailenga kwenye mstari wa lami kama bunduki. Avantgarde nzuri wanaiona wa nje. Mwenye gari haoni chochote.

Shida ni vibaka. Ya kwanza iling'olewa nikiwa harusini. Sasa nikipaki mahali nisipopaamini nahesabu dakika. Vioo vya pembeni na taa nimechonga namba ya gari, na hapo ndipo ninapoumia: gari limetulia, halafu kwenye taa ya mbele kuna maandishi makubwa kama ya gunia la mahindi. Nani amepata fundi wa kuchonga kwa herufi ndogo?

Mdau wa Mombasa
Mwaongea nyota na taji, Mark X mwaipita tu. Ile ya kwanza, ya 2004, taa za mbele zina duara tatu zimepangwa kila upande. Hadi leo sijaona saluni ya Kijapani yenye macho yale. Na bomba za moshi kwenye zile za daraja la juu zimejengwa ndani ya bampa, hazining'inii. Huku Kenya hiyo huwezi kuiagiza tena kwa sababu ya sheria inayozuia kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo iliyo safi mwenyewe haiachi. Iliyofuata, ya 2009, ni pana na imetulia zaidi, lakini mimi naiona imekuwa mzee kabla ya wakati.

Tatizo la Mark X ni sifa za vijana wanaoziendesha. Mkwe wangu aliiona mlangoni akauliza kama nimeanza kucheza kamari.

Mdau wa Masqat
Salamu kutoka huku. Kwetu ubishi ni Lexus ES na Benz E-Class. Lexus tangu 2012 waanze kuweka ile grili iliyobanwa kiunoni, familia imegawika. Marehemu babu, mzaliwa wa Unguja, alikuwa na Lexus LS ya zamani, imenyooka, haina makeke, na akisema gari la heshima halifungui mdomo. Vijana ndio wanaoutaka huo mdomo. Mimi nipo na babu.

Dada wa Mbezi
Hamna aliyetaja rangi ya viti? Crown ya shemeji ina viti vya maziwa, ukiingia unahisi umevua viatu. Ila ana watoto watatu na ice cream zinauzwa kila kona. Nyeusi ya W204 haina raha hiyo, lakini ni ya mtu mwenye maisha halisi.

Fundi bodi, Ilala
Naona wote mnaongea, acha niseme ya gereji. Wenye Elegance wanaleta gari tuwawekee grili ya Avantgarde, lakini boneti hawabadilishi. Matokeo yake gari lina nyota mbili, moja kwenye grili, nyingine juu yake. Ukiona hivyo ujue ni kazi ya mtaani.

Pia taa. Gari lolote la umri huu, plastiki ya taa ikishakuwa ya njano, sura yote imekufa hata rangi iwe mpya. Msasa wa maji, polishi, halafu lazima ipakwe klia (ile rangi angavu ya kukinga), la sivyo miezi michache inarudi palepale. Fanya hilo kabla hujanunua rimu.

Mwenye uzi, ukija kuhamia F30, 3 Series iliyofuata E90, ya kutoka Japani shika kitasa. Huko walipewa vitasa vyembamba ili upana wa gari uishie milimita 1,800, litoshe kwenye maegesho yao. Ukipasua kimoja ukaagiza cha gari la Ulaya, utaona hakilingani na vingine.

Mwenye uzi
Fundi umenimaliza, nimetoka nje kukagua taa zangu na njano imeshaanza kwenye kona ya juu. Jumamosi nakuja. Wa W205, C-Class iliyofuata W204, mko wapi? Na huyu wa Tabata atuwekee picha ya nyuma usiku, taa zikiwa zimewashwa.