Jengo la R+4 kwenye avenyu ya nyumba za chini, Bel-Air (Lubumbashi): pingamizi linaandikwaje?

Mama_BelAir

Wandugu, jambo. Parsela inayopakana na yetu, mita 25 kwa 40, imeuzwa. Villa ya zamani imekwisha kubomolewa, na msimamizi wa kazi anasema patasimama jengo la R+4 (sakafu ya chini na ghorofa nne juu yake) lenye apartema 24. Avenyu ni ya udongo, mita 8 toka ukuta hadi ukuta, haina mfereji. Karibu kila nyumba hapa ina kisima ao foraji (kisima kirefu cha kuchimbwa na mashine). Kisima chetu kiko mita 9 toka ukuta wa mpaka. Kwenye uwanja wao hakuna bango lolote.

Majirani wamekusanya sahihi 40 kwenye barua inayosema jengo litaondoa utulivu wa mtaa na kushusha bei ya nyumba zetu. Barua hiyo inatosha? Tuipeleke kwa nani, kabla hawajachimba msingi?

Mpimaji_Kadasta

Mama, barua hiyo msiipeleke bado. Utulivu na bei ya nyumba havipimiki, ofisi itawajibu kwa mstari mmoja na faili litafungwa. Anzeni na karatasi za parsela.

Kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20/7/1973, udongo ni wa Serikali. Mtu anapewa haki ya kuutumia, na ushahidi wa haki hiyo ni cheti cha usajili. Chukueni namba ya parsela kwenye kadasta (ofisi ya upimaji wa ardhi), mwandikie konservatere wa hati za ardhi. Ulizeni cheti kiko kwa jina la nani, na mkataba unataja matumizi gani: makazi, biashara ao vyote viwili. Kama mwenye kujenga ni kampuni, haina haki ya daima. Hiyo ni ya Mkongomani mtu binafsi tu. Kampuni inapewa mkataba usiozidi miaka 25, unaoweza kurudiliwa. Angalieni unaisha lini.

Msipoteze nguvu kushambulia cheti chenyewe kama kimepita miaka 2, maana kufikia hapo sheria inakilinda. Shambulieni ruhusa ya kujenga. Nendeni Urbanisme (ofisi ya mipango ya mji) na barua ya kuomba namba ya ruhusa, tarehe, jina na cheo cha aliyetia sahihi, pamoja na plani inayoonyesha umbali toka mpaka na mahali pa fosi (shimo la maji machafu). Barua iwe na nakala mbili, moja irudi kwenu na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Bila muhuri, ni kama hamkuandika. Nakala nyingine kwa burgumestre, mkuu wa komini ya Kampemba. Ikionekana hakuna ruhusa, mnaomba jambo moja tu: kazi isimamishwe.

Fundi_Fosi

Nguvu ya pingamizi lenu iko chini ya udongo. Hesabuni pamoja nami.

Apartema 24, watu 5 kila moja, ni watu 120. Kila mtu akitumia lita 80 kwa siku, yanatoka maji machafu lita 9.600 kila siku. Fosi septiki ya kuyashika siku 3 inataka karibu mita kyubi 29, na hiyo wanaweza kuijenga. Shida ni maji yanayotoka kwenye fosi, kwa sababu fosi inashika uchafu mzito tu. Majimaji yanayotoka bado yamejaa vijidudu. Udongo wetu mwekundu wa mfinyanzi ukiwa mzuri unanyonya kama lita 20 kwa mita mraba kwa siku. Gawa 9.600 kwa 20: mita mraba 480 za ukuta wa kunyonya. Shimo la mviringo la upana wa mita 2 na kina cha mita 5 lina ukuta wa mita mraba 31 tu. Ni mashimo 15 ao 16! Kwenye parsela ya mita mraba 1.000, jengo likila 500 na magari yakala nyingine, mashimo hayo yataingia wapi? Watachimba mawili ao matatu, ukutani kwenu. Mvua za Januari maji ya chini ya udongo yakipanda, mashimo yatajaa, na maji yatatafuta njia kuelekea visima.

Kati ya shimo la kunyonya na kisima tunaacha mita 30 kwa uchache, na chini ya shimo kubaki mita 1,5 kavu juu ya maji ya udongo. Kisima chenu kiko mita 9 toka mpaka, kwa hiyo karibu nusu ya parsela yao ao zaidi, ya mbele yenu haifai kwa shimo lolote. Chora hiyo kwenye karatasi: kisima, duara la mita 30, na mpaka. Karatasi hiyo moja ina uzito kuliko sahihi 40.

Msiniamini kuhusu lita 20, pimeni. Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kina 60, kwenye parsela yenu karibu na mpaka. Jaza maji, acha yalale usiku mzima udongo ulowe. Asubuhi jaza tena hadi sentimita 15, simamisha rula, andika maji yameshuka ngapi kila dakika 30. Kama sentimita moja inachukua zaidi ya dakika 24, udongo huo haufai kwa mashimo ya kunyonya. Watu wanakosea kwa kuacha kulowesha: udongo mkavu unakunywa haraka na kuwadanganya. Peleka pia maji ya kisima labo sasa, kabla ya kazi. Bila kipimo cha sasa, kesho hamtakuwa na cha kulinganisha.

Na mvua: milimita 50 kwenye mita mraba 1.000 za paa na beto ni mita kyubi 50, na karibu 45 zinatoka nje. Bustani ya zamani ilikuwa inatoa 15 hivi. Avenyu haina mfereji, basi zile 30 zinaingia kwa nani?

Avoka_Kampemba

Naongeza upande wa muda. Kama ruhusa ipo, malalamiko ya kwanza yanapelekwa kwa mkubwa yule yule aliyetia sahihi, ndani ya miezi 3 tangu itangazwe ao mjulishwe. Akinyamaza miezi 3, kunyamaza ni kukataa, na hapo njia ya mahakama inafunguka. Ni sheria ya tarehe 15/10/2016 kuhusu mahakama za utawala. Lakini malalamiko hayasimamishi kazi yenyewe. Ombi la kusimamisha kwa haraka linaandikwa peke yake.

Tajeni pia sheria ya mazingira ya tarehe 9/7/2011. Inataka mradi unaoweza kuumiza mazingira ufanyiwe uchunguzi wa athari na wakaaji waulizwe kwanza. Ombeni nakala ya uchunguzi huo.

Jambo moja la wiki hii: usie (ofisa wa mahakama) aje aandike PV, yaani ripoti rasmi, ya hali ya nyumba yenu kabla ya kuchimba. Kwenye kila ufa wa ukuta, pakeni bamba la plasta, urefu sentimita 10, unene 1, andikeni tarehe juu yake ingali mbichi. Ukuta ukisogea, plasta inapasuka, na hakuna atakayesema ufa ulikuwepo.

Mama_BelAir

Aksanti sana. Msimamizi leo anasema hawatatumia mashimo, wataweka stesheni ndogo ya kusafisha maji. Hapo pingamizi limekufa?

Fundi_Fosi

Hapana, mama. Stesheni ya namna hiyo inaishi kwa hewa inayopulizwa na mashine ya umeme. SNEL (kampuni ya umeme) ikikata siku mbili, vijidudu vinavyokula uchafu vinaanza kufa, na maji yanatoka bila kusafishwa vizuri. Ulizeni kwa maandishi: jenereta ya stesheni ina nguvu ya kVA ngapi, nani atalipa mazutu baada ya apartema kuuzwa, matope yatatolewa kila miezi mingapi, na maji yaliyosafishwa yatamwagwa wapi kwenye avenyu isiyo na mfereji. Hilo la mwisho liwekeni la kwanza kwenye barua.