Tacoma ya mtumba: ya mwaka gani inafaa huku kwenye chumvi?

Swali, Columbus

Salaam ndugu zangu. Natafuta pikapu ya Toyota Tacoma ya V6 (injini ya silinda sita) kwa kazi ya kuhamisha samani. Sokoni naona za 2003, 2009, 2014 na 2017. Ipi imara zaidi?

Jibu, Minneapolis

Kaka, tazama chasisi kwanza, injini baadaye. Injini hizi zikipata oili kwa wakati zinavuka maili 200,000. Kinachoziua huku ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Za 1995 hadi 2004 zilioza chasisi hadi Toyota ikanunua tena nyingi kutoka kwa wenyewe. Za 2005 hadi 2010 nazo ziliingia kwenye makubaliano ya mahakamani, ila dhamana yake ilikuwa miaka 12 tangu gari liuzwe mara ya kwanza. Muda huo umekwisha. Muuzaji akikwambia "Toyota watakubadilishia bure", usikubali.

Ingia chini na tochi na nyundo. Gonga pale springi za nyuma zinaposhikia chasisi, kisha juu ya ekseli, kisha nyuma ya magurudumu ya mbele. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu na magamba yanadondoka. Ukikuta rangi nyeusi mbichi imepakwa chini kote, gonga mara mbili zaidi, maana rangi hiyo mara nyingi imefunika matundu.

Ya 2003 ina mambo mawili ya ziada. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila maili 90,000, pamoja na wota pampu. Halafu bolijointi za chini mbele, yaani maungio yanayoshikilia magurudumu: uzito wa gari unazivuta badala ya kuzikandamiza, kwa hiyo ikichomoka gurudumu linalala na gari linaanguka palepale. Weka za Toyota yenyewe na bolti mpya. Za bei chee hapa hapana.

Jibu, Toronto

Naunga mkono. Mimi ningechukua ya 2014. V6 yake ya lita 4.0 inatumia cheni, hakuna mkanda wa kubadilisha. Ugonjwa wake uko kwenye rejeta: kipoozeo cha oili ya giaboksi kimo ndani yake, kikitoboka maji na oili vinachanganyika na giaboksi ya otomatiki inakufa. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Ukiona povu la waridi kama maziwa ya stroberi, ondoka. Kwa kuwa giaboksi hiyo haina kijiti cha kupimia oili, hapo kwenye rejeta ndipo pa kuona. Ukishanunua, badilisha rejeta kabla haijatoboka; ni nafuu mno kuliko giaboksi.

Ya 2009 iangaliwe pia springi za nyuma. Zilikuwa zinakatika na kipande kinaweza kutoboa tangi la mafuta. Ingiza namba ya chasisi, tarakimu na herufi 17, kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la serikali ya Marekani la usalama barabarani, uone kama marekebisho ya springi hizo yalifanyika.

Ya 2017 ina V6 ya lita 3.5. Si mbaya, lakini ikibeba mzigo mlimani giaboksi inapandisha na kushusha gia ovyo, na kwa kazi yako hilo litakuchosha. Kagua difu ya nyuma kama inavuja.

Yoyote utakayochukua, kabla ya theluji kuanza inyunyizie chasisi mafuta ya lanolini (yatokanayo na sufu ya kondoo), hadi ndani ya mashimo yake. Usipake lami wala mpira: maji yakishapenya nyuma yake hayatoki.