MREJESHO: Mahojiano yameanza kupatikana

Habari zenu wakuu. Niliomba ushauri kuhusu PhD yangu: watu weusi wapenzi wa jinsia moja wanapata wapi pa kujiona wako kwao jijini London. Kila niliyemwomba mahojiano alikuwa ananikwepa. Mmoja wenu akaniambia nianze na nyaraka, watu watafuata. Ubarikiwe sana.

Nimepitia mkusanyiko wa rukus!, yaani nyaraka za maisha na sanaa za hao watu weusi wapenzi wa jinsia moja wa Uingereza, ulioanzishwa 2005 na mpiga picha Ajamu X na mtengeneza filamu Topher Campbell, ambao uko kwenye hifadhi ya nyaraka ya jiji. Kuna kipeperushi cha disko kimekunjwa mara nne, bila shaka kilikaa mfukoni mwa suruali usiku kucha.

Sasa nikikutana na mtu naanzia kwenye vitu kama hicho kipeperushi, siyo kwenye maswali ya nadharia. Dada mmoja alikuwemo kwenye safari ya basi kwenda mji wa pwani wa Southend-on-Sea mwaka 2005, iliyozaa UK Black Pride, tamasha la kila mwaka la watu weusi wapenzi wa jinsia moja na wenzao. Kaongea kuhusu chakula cha njiani mpaka kinasa sauti kikaisha chaji! Msimamizi wangu bado anataka ramani ya mitaa wanakojiona wako kwao. Mimi naona lile basi lina mengi zaidi.

Aliyeuliza kuhusu usiri: majina yote ni ya kubuni, na sauti nilizorekodi nazifuta nikishaandika maneno yao.