Msimamizi anataka kusaini saa zote mwishoni, ni sawa?

Swali: Wakuu, naelekea kuomba leseni ya ushauri nasaha. Msimamizi wangu anasema atasaini saa zangu zote za mazoezi chini yake kwa mkupuo, mwishoni. Kuna tatizo? Na kwenye kikao cha usimamizi nilete nini hasa?

Jibu 1: Usikubali, ndugu. Akihama, akiugua au leseni yake ikiisha muda, saa zako zinabaki bila shahidi. Asaini kila mwezi, kila mmoja abaki na nakala. Tenganisha saa za wateja, za usimamizi wa wawili (wewe na msimamizi tu) na za kikundi, maana bodi nyingi za leseni huzihesabu mbalimbali. Hakikisha pia bodi inamtambua kama msimamizi kabla hujaanza kuhesabu.

Jibu 2: Naunga mkono. Kwenye kikao, "mteja anaendelea vizuri" haisaidii kitu. Leta dakika 10 za rekodi pale ulipokwama, kwa idhini ya maandishi ya mteja, na swali moja: "Alipotaja kifo, mbona nilibadili mada?" Ila dalili za kujiua au mtoto kudhulumiwa hazisubiri kikao. Mpigie msimamizi papo hapo, kisha andika mlichoamua, tarehe na saa.

Mwuliza: Na akiwa ndiye bosi wangu?

Jibu 2: Kagua kanuni za bodi yako kwanza. Hatari yake ni kwamba utaficha makosa ukihofia kazi.