Nywila za BIOS kwa mashine 140: skripti au Intune?

Kipanga
Wakuu, nina mashine 140, mseto wa Dell, HP na Lenovo. Zote zina nywila moja ya BIOS (programu ya kuwashia mashine), aliyeiweka alishaacha kazi, na juzi nimeikuta imeandikwa kwa kalamu chini ya laptopu ya mapokezi. Nataka kuzibadilisha zote bila kunyanyuka kitini. Niende na skripti au Intune, ile huduma ya Microsoft ya kusimamia mashine kwa mbali?

FundiSeva
Skripti inatosha, ila kila kampuni na zana yake. Dell tumia Dell Command | Configure, HP tumia BIOS Configuration Utility, Lenovo unapitia WMI, mlango wa Windows wa kubadilisha mipangilio ya mashine kwa amri. Tatizo la Dell, nywila ukiiandika kwenye amri inakaa wazi. Anayeifungua skripti kaipata. HP afadhali, zana yao ya HPQPswd inaisimba na kuifungia ndani ya faili.

MamaKebo
Faili hilo likiibwa linafungua vilevile, usilale. Kinachonikera kwenye skripti ni nywila moja kwa wote: ikivuja moja, zimevuja 140. Kwa Dell, Intune inaipa kila mashine nywila yake, ukiihitaji unaivuta kupitia Graph, API ya Microsoft. HP wana Sure Admin, nywila hakuna kabisa: fundi anaskani msimbo wa QR kwa simu, anapewa PIN.

Kipanga
LAPS je?

MamaKebo
Hiyo ni ya akaunti ya msimamizi ndani ya Windows. BIOS haigusi.

Msasa
Mmeiruka Lenovo, na ndiko kwenye kazi. WMI inabadilisha nywila iliyopo. Ile ya kwanza, kwenye modeli nyingi, unaiweka kwa mkono. Bahati yako zako zinayo tayari. Ila ThinkPad ukipoteza nywila ya msimamizi wa BIOS, dawa rasmi ni kubadili mazabodi. Skripti yangu ya kwanza ilibadilisha nywila kwanza, ndipo ikajaribu kuituma kwenye hifadhi. Mtandao ukakatika katikati. Mashine tatu zikabaki na nywila asiyoijua mtu. Hifadhi kwanza, badilisha baadaye, na ya zamani usiifute mpaka mashine izime, iwake, na mpya ikubali.

FundiSeva
Na ukigusa Secure Boot (ukaguzi wa programu mashine inapowaka) humohumo, simamisha BitLocker, inayosimba diski, kwanza. Vinginevyo utashinda kwenye simu ukiwasomea watu tarakimu 48 za ufunguo wa kufungulia diski.

Kipanga
Basi Dell zinaenda Intune, Lenovo skripti kwa mpangilio wa Msasa, HP nitazijaribu tano za stoo kwanza. Ile ya mapokezi nimeisugua kwa spiriti. Maandishi bado yanasomeka.