Tupeane uzoefu: umewahi kupimiwa ardhi na mtu asiye na leseni?

mama_Mamboleo
Hamjambo wenzangu. Niko Kisumu, upande wa Mamboleo. Wiki iliyopita nimebomoa ukuta nilioujenga kwa pesa zangu, na bado moyo unaniuma.

Ploti ni ya futi 50 kwa 100, niliinunua kupitia broka. Broka ndiye aliyekuja na seveya, kijana mpole mwenye kifaa kidogo cha GPS cha mkononi. Alizunguka pembe nne kwa nusu saa, akapiga vigingi, nikamlipa, akaenda. Sikumwuliza jina lake kamili, sembuse leseni.

Nimeanza kujenga, jirani akarudi kutoka Mombasa na mpima wake mwenye leseni. Huyu hata hakuvigusa vigingi vyangu kwanza. Alikuja na ramani ya eneo na nakala ya mutesheni (fomu yenye mchoro wa jinsi ardhi ilivyogawanywa), akaenda hadi barabarani kutafuta bikoni za zamani, yaani alama za mpaka zilizofukiwa ardhini, akachimba mpaka akazipata mbili, ndipo akaanza kupima kuja kwetu. Ukuta wangu ulikuwa umeingia kwa jirani mita nne. Upana wa ploti nzima ni mita 15 na kidogo tu! Baadaye nilielezwa kwamba kile kifaa cha mkononi hukosea mita tatu, hata tano, na hilo ni jambo la kawaida kwake. Kinafaa kukuonyesha njia ya kufika shambani. Kupiga mpaka ni kazi nyingine.

Jirani ni mtu muungwana, alinipa mwezi mzima nibomoe. Wengine wangenipeleka mahakamani. Tafadhali, yaliyokupata tuambie.

mkulima_Njoro
Pole sana dada. Huku Nakuru kuna mashamba mengi ambayo wazee wetu walichanga hisa wakanunua kwa pamoja, na letu ni mojawapo. Aliyetukatia vipande ni mzee aliyewahi kuwashikia wapima wa serikali mnyororo wa kupimia. Alikuwa mwaminifu, hilo nalisema kwa heshima yake. Kila mtu alionyeshwa kipande chake, tukapanda miti mipakani, tukakaa zaidi ya miaka ishirini bila kugombana.

Shida ilikuja tulipotaka hati. Hakuna mutesheni iliyowahi kusajiliwa, kwa hivyo katika ramani ya serikali shamba lilikuwa bado moja. Tukaanza upya: mpangaji wa ardhi, mpima mwenye leseni, kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, michango juu ya michango. Kupima upya kukaonyesha barabara za ndani zilikuwa nyembamba mno, zikapanuliwa, na familia zilizo kandokando zikapoteza sehemu ya shamba. Baba yangu alifariki akiwa na kadi ya hisa peke yake. Alitamani sana kuishika hati.

kijana_Kondele
Na seveya wa ofisi ya serikali anayefanya kazi za pembeni wikendi? Huyo si amesomea?

fundi_vipimo_Kakamega
Ndugu, acha nikujibu, maana hii ndiyo kazi yangu. Mimi ni fundi wa upimaji, nina diploma, na sina leseni. Nashika mashine kila siku, lakini chini ya mpima mwenye leseni, na jina linaloenda kwenye mutesheni ni lake.

Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, imeunda Bodi ya Wapima Ardhi, nayo ndiyo inayotoa leseni. Digrii peke yake haitoshi. Unafanya kazi chini ya mwenye leseni kwanza, kisha unakalia mitihani ya Bodi. Na ukishaipata, kila kipimo kinachofanywa na vijana wako ni jukumu lako. Kikiwa na kosa, Mkurugenzi wa Upimaji anaweza kukuagiza urudi ukirekebishe kwa gharama yako. Sasa fikiria yule kijana wa GPS. Nani atamwagiza arudi?

Kuhusu swali lako: mpima wa serikali akija kikazi, ametumwa na ofisi, na kuna barua na risiti. Akija Jumamosi kwa simu ya broka, ofisi haiko nyuma yake, hata awe amesoma namna gani. Pia watu huchanganya leseni na uanachama wa ISK. ISK (Institution of Surveyors of Kenya) ni chama cha wanataaluma, humo wamo hata wathamini wa mali. Uanachama ni jambo jema, lakini uliza namba ya leseni ya Bodi na uihakikishe kwa Bodi yenyewe.

Kuna jambo linalonikera zaidi ya yote. Mashamba mengi ya huku magharibi yaliandikishwa kwa mipaka ya jumla. Mstari ulio kwenye ramani ni wa kukadiria, na hata hati inasema ukubwa ni takriban. Mpaka wenyewe ni ule ua wa minyaa au mkonge ambao wazee walikubaliana. Siku hizi mtu anaiweka ramani hiyo kwenye simu, anatembea na nukta ya buluu, anawaambia watu ua wao wa miaka hamsini umekosea. Nimeona ndugu wakishikiana panga kwa sababu ya nukta ile. Mpima anayeijua kazi anauliza wazee, anautazama ua, anapima mashamba ya jirani pande zote kabla hajafungua mdomo.

binti_Webuye
Fundi, umenigusa. Kwetu ilikuwa hivyo hivyo baada ya mazishi ya babu. Ami yangu alileta mtu wa simu, ua wa babu ukang'olewa usiku. Tukakimbilia mahakama ya ardhi, tukamlipa wakili, na tukaambiwa turudi kwa Msajili wa Ardhi kwanza, kwani Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema mahakama haisikilizi kesi ya mpaka kabla msajili hajauamua. Miezi mingi ikapotea bure.

Msajili alikuja na mpima, wakatuita sote pamoja na majirani na mzee wa mtaa. Walikuta visiki vya minyaa bado vimo ardhini. Mpaka ulirudi pale pale alipouacha babu. Ami hatusemeshi hadi leo, na watoto wake ni marafiki zangu tangu utotoni.

mwalimu_Nyalenda
Mimi wangu alikuwa na leseni na kazi ilikwenda sawa. Bei ilikuwa juu, nikalipa kwa awamu, nusu kabla na nusu nilipopata namba mpya za ploti. Nawashauri mkubaliane hivyo kwa maandishi.

mama_Mamboleo
Asanteni sana, nimesoma kila neno. Mwalimu, mimi pia nimekubali awamu. Mpima alikuja Jumanne, safari hii nilisimama naye pembe kwa pembe na jirani akiwa hapo, kila bikoni tukaipiga picha. Simu ya yule kijana haipatikani.

kijana_Kondele
Mama, pole. Mimi nilikuwa nilipe ploti ya Ahero kesho kutwa. Baada ya kusoma hapa nimemwomba broka namba ya leseni ya mpima wake. Tangu jana hajibu.

fundi_vipimo_Kakamega
Usitume hata shilingi.